Gari la yadi likiharibika mapema, mzigo ni wa nani?

Ukinunua gari lililotumika katika yadi, aghalabu utapewa mkataba wenye mstari mmoja mdogo pale chini: mnunuzi amelikagua gari, amelikubali lilivyo, na likishatoka getini halirudishwi. Wengi hutia saini bila hata kuusoma. Gari likianza kuchemsha wiki mbili baadaye, mwenye yadi huutoa mstari huo kama ngao, naye mnunuzi aliyekopa SACCO au aliyetoa pesa za kiinua mgongo hurudi nyumbani kimya, akiamini mambo yamekwisha.

Hayajakwisha. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema kwamba anayenunua kwa mtu ambaye biashara yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo ana haki ya kupata kitu chenye ubora unaokubalika sokoni. Kisha ikaja Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012, ikakaza kamba: maneno yoyote ya mkataba yanayojaribu kuiondoa haki hiyo ni batili. Kwa hiyo ule mstari mdogo hauwezi kumkinga mfanyabiashara, hata ukiwa umetiwa saini mara tatu.

Lakini tusidanganyane. Ubora wa gari lililotumika hupimwa kwa umri wake, kilomita zake na bei yake. Gari lenye kilomita 110,000 litakuwa na bushi zilizochoka na betri inayokaribia kufa, na hayo huwezi kumlaumia mtu. Giaboksi inayokataa kuingiza gia siku ya kumi, au gasketi ya hedi iliyokuwa imeungua tangu yadini, hilo ni jambo jingine. Tena kama ulilikagua gari kabla ya kununua, huwezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuionyesha. Kiti kilichochanika ulikiona. Kinachobaki mikononi mwa mwuzaji ni aibu iliyojificha, na hasa iliyofichwa: oili nzito iliyotiwa ili injini isigonge, taa ya injini iliyozimwa kwa mashine asubuhi ya kuuza, mita iliyorudishwa nyuma. Kusema uongo kuhusu kiasi gari lilivyotumika ni miongoni mwa hila ambazo sheria ya 2012 inazikataza, na aliyelaghaiwa hivyo anaweza kuuvunja mkataba kwa kutoa notisi ndani ya mwaka mmoja.

Kuhusu mita, gari lililonunuliwa kwenye mnada Japani huwa na karatasi ya mnada inayoonyesha kilomita na hali ya bodi. Iombe. Mwenye yadi akianza kuzunguka, hilo nalo ni jibu. Na usiridhike kwa kuambiwa kwamba gari lilikaguliwa kabla ya kupakiwa melini. Ukaguzi ule ni wa kuruhusu gari kuingia nchini, haukuahidi kwamba injini itadumu.

Penye utata mkubwa zaidi ni kwa dalali. Mtu binafsi anayeuza gari lake la nyumbani habebi dhamana ile ya ubora; yeye hushikwa kwa aliyoyasema au kuyaandika tu. Yadi nyingine huegesha magari ya watu, na mambo yakiharibika husema, “Sisi tuliliweka tu.” Basi kabla ya kulipa, tazama kumbukumbu za NTSA gari limeandikwa jina la nani, na risiti itatoka kwa nani. Risiti isiyo na jina la yadi itakutesa.

Kinachowapotezea watu haki yao sana ni kuchelewa. Sheria inakupa miaka 6 ya kushtaki kwa kuvunjwa mkataba, ila haki ya kulirudisha gari lenyewe haingoji. Ukiendelea kulitumia baada ya kuijua kasoro, au ukakaa nalo muda mrefu bila kusema neno, huhesabiwa umelikubali, na kilichobaki kwako ni kudai fidia. Ajabu ni kwamba wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi ndivyo walivyoiweka khiyari ya aibu: anayegundua kasoro ya tangu kwa mwuzaji ana haki ya kurudisha, mradi afanye hivyo mara tu anapoijua, na asiendelee kukitumia kile kitu.

Kwa hiyo liegeshe. Mwandikie mwuzaji siku hiyo hiyo, hata kwa WhatsApp, ueleze kasoro na unachotaka: kurudishiwa pesa, kutengenezewa au kulipwa gharama. Usimwache fundi wako afungue injini kabla mwenye yadi hajapewa nafasi ya kuiona, maana atasema ni fundi wako aliyeiharibu. Ripoti ya fundi asiye ndugu wala rafiki ina uzito. AA ya Kenya pia hukagua magari. Na mkopo endelea kuulipa, kwa kuwa ugomvi wako na yadi haumhusu aliyekukopesha.

Akikataa, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, huhitaji wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Kinachotazamwa ni kiasi unachodai, kwa hiyo hata gari la milioni moja na nusu, ikiwa unadai 180,000 za giaboksi, unaweza kwenda huko. Kwa Kadhi usiende na kesi hii; Katiba imempa ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu, magari hayamo. Nenda na mkataba, risiti, ujumbe wa malipo, ripoti ya fundi, na picha ya lile tangazo uliloliona kwenye simu kabla halijafutwa.