Trout Mask Replica

Trout Mask Replica ni albamu ya tatu ya bendi ya Captain Beefheart and His Magic Band kutoka nchini Marekani. Ilitolewa mwaka 1969 ikiwa na nyimbo 28, na mtayarishaji wake ni Frank Zappa. Inachanganya roki, bluzi na jazi, na mara nyingi kila ala hufuata mapigo yake yenyewe. Haikuuzwa sana Marekani, lakini ilisifiwa na wahakiki, akiwemo Lester Bangs.

Sifa nyingi zilimwendea kiongozi wa bendi, Don Van Vliet. Hata hivyo, mpiga ngoma John French ndiye aliyeandika kwa nota tungo ambazo Van Vliet alizipiga kwenye piano, kisha akawafundisha wenzake. Jina la French halikutajwa kwenye jalada la toleo la kwanza.