Manga na Kiwanga: Nasaba ya Jina Moja la Bonde la Kilombero

Msomaji wa Unguja, Pemba au Lamu akikutana na neno Wamanga kitabuni, hana haja ya kuuliza maana. Manga ni Arabuni, na hasa Omani. Mmanga ni mtu aliyeshuka katika jahazi la kaskazi. Na hata jikoni ipo pilipili manga. Kwa hiyo neno hilohilo likimjia katika historia ya Ifakara na bonde la Kilombero, bara ndani, mbali na harufu ya bahari, yamkini atashtuka kidogo. Kisha, kama ilivyo desturi ya wapenda nasaba, ataanza kujenga kisa: pengine alikuwapo mfanyabiashara wa misafara, akaoa huko, akazaa, na uzao wake ukatawala.

Kisa kama hicho ni kitamu, lakini hakina mashiko. Katika bonde la Kilombero, Manga ni jina la nyumba iliyotoa watema, yaani watawala, wa Wabena wa mabondeni. Jina hilo lina historia yake, na kufanana kwa sauti mbili hakutoshi kuwa ushahidi wa damu moja. Ndivyo ilivyo pia kwa jina la pili lililotoka katika nyumba hiyo, ambalo leo linajulikana kuliko la kwanza: Kiwanga. Mtu wa pwani husikia ndani yake wanga wa muhogo, au wanga wa usiku, wale wanaodhaniwa kuzunguka nyumba za watu huku wenyewe wamelala. Lakini Kibena si Kiswahili, na anayelifungua jina la jirani kwa ufunguo wa nyumba yake mwenyewe hufungua mlango mwingine kabisa.

Anayetaka kujua asili ya jina la ukoo aghalabu huanza na swali moja: lina maana gani? Jina la Kiwanga linafundisha kwamba liko swali lenye manufaa zaidi: lilianza lini kuwa jina la ukoo, na nani aliliandika?

Bonde lenyewe limezoea kubeba majina zaidi ya moja. Mto wake huitwa Kilombero, na huitwa Ulanga. Kaskazini-magharibi umesimama ukuta wa milima ya Udzungwa. Upande wa pili yapo makao ya Mahenge. Maji yote hukusanyika na kwenda kukutana na Luwegu ili kuuzaa mto Rufiji. Wandamba, wavuvi na wawindaji wa viboko, waliishi kandokando ya mto na vijito vyake. Wapogoro walishika nyanda za juu za Mahenge. Wambunga, waliotokana na misukosuko ya Wangoni katika nchi ya Songea katikati ya karne ya 19, walikuja wakakaa upande wa Ifakara. Na katika miaka ya 1870, baada ya kushindwa vitani na Wahehe, mtema Mtengera wa nyumba ya Manga aliteremka na watu wake kutoka nyanda za juu akaingia bondeni. Wabena wa Njombe wakabaki kuwa ndugu wa juu, na hawa wakawa Wabena wa mito.

Waliokuja kuitwa Wabena katika bonde hilo hawakuwa wa tumbo moja. Walikuwamo walioteremka na Mtengera, na walikuwamo waliokutwa hapo wakaingia chini ya utawala wake. Mtu alikuwa Mbena kwa kumtii mtema sawasawa na alivyokuwa Mbena kwa kuzaliwa. Jambo hili halifai kusahauliwa na anayechora shajara ya ukoo, kwa kuwa karatasi hupenda mistari iliyonyooka, na bonde la Kilombero halikuishi kwa mistari iliyonyooka.

Baada ya Mtengera, mtawala aliyejulikana zaidi katika nyumba ya Manga alikuwa Kiwanga. Wakati huo Kiwanga lilikuwa jina la mtu mmoja. Ndilo lililompambanua na baba yake, na watoto wake nao walikuwa na majina yao. Lau mambo yangekwenda kama kawaida, baada ya vizazi vitatu au vinne jina hilo lingetajwa wakati wa matambiko tu, katika orodha ya wazee waliotangulia. Lakini mambo hayakwenda kama kawaida.

Wajerumani waliingia katika vita na Mkwawa wa Wahehe mwaka 1891, walipopigwa vibaya kule Lugalo, na vita hivyo havikwisha mpaka Mkwawa alipojiua mwaka 1898. Katika mapambano hayo Kiwanga aliegemea upande wa Wajerumani. Miaka saba baadaye vilizuka Vita vya Maji Maji. Wapogoro na Wambunga waliinuka, na tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya wapiganaji walioamini maji ya dawa waliiendea boma ya Mahenge, wakapokelewa na bunduki za rashasha. Kiwanga hakuinuka pamoja na majirani zake. Alisimama tena upande wa Wajerumani, na katika vita hivyo akauawa.

Hapa ndipo utafutaji wa nasaba unapoacha kuwa mchezo wa kujifurahisha. Katika Tanganyika huru Maji Maji ilifundishwa shuleni kuwa chimbuko la umoja wa taifa, na ilistahili kufundishwa hivyo. Baada ya mapigano Wajerumani walichoma vyakula na mashamba, na njaa ikaua wengi kuliko risasi, mwanahistoria G. C. K. Gwassa aliwakadiria waliokufa kuwa kati ya 250,000 na 300,000. Mwenye kubeba jina la mtu aliyekufa akiwa upande wa pili atafanya nini? Aweza kulificha, aweza kulitetea kwa kelele, au aweza kuuliza kilichotokea.

Anayeuliza atagundua kwamba mwaka 1905 nchi iitwayo Tanganyika haikuwapo. Jina hilo walilitoa Waingereza mwaka 1920. Kiwanga hakuwekewa mbele yake taifa upande mmoja na mgeni upande mwingine. Mbele yake walikuwapo Wahehe walioufukuza utawala wa baba yake kutoka nyanda za juu, Wambunga walioshindania naye bonde, na Wajerumani wenye bunduki. Alichagua kwa hesabu za bonde lake na siku zake. Maelezo hayo hayamsafishi, kwani waliokufa kwa njaa walikufa kweli. Yanachofanya ni kumrudisha kuwa mtu, mahali pa kuwa ama shujaa ama msaliti wa hadithi.

Basi jina lake liligeukaje kuwa la ukoo? Jibu limo zaidi katika wino kuliko katika damu. Desturi iliyoenea Tanzania humpa mtoto jina lake, kisha la baba, kisha la babu. Kila kizazi kinapozaliwa jina moja husogea nyuma, mwishowe likaanguka. Dola na misheni zilihitaji kitu kisichosogea. Kodi ya nyumba ya Wajerumani ilianza mwaka 1898 na daftari lake. Wamisionari Wabenediktini walifungua kituo cha Kwiro karibu na Mahenge mwaka 1902, na Wakapuchini wa Uswisi waliwafuata katika nchi hiyo tangu mwaka 1921; kila ubatizo ukaandikwa katika kitabu, jina la ubatizo kwanza na jina la wazazi baadaye. Mwandishi wa daftari alipouliza jina la pili, watu wa nyumba maarufu walikuwa na sababu ya kulitaja jina ambalo karani alikwisha kulisikia.

Mfano wa jirani unalithibitisha jambo hili. Nyumba iliyowatawala Wahehe iliitwa Muyinga, lakini leo nani amtajaye Muyinga? Jina lililobaki ni Mkwawa, kifupisho cha jina la sifa la mtu mmoja, Mkwavinyika. Mjukuu wake, Adam Sapi, aliyekuwa Spika wa kwanza Mwafrika wa Bunge la Tanganyika, aliandikwa na kujulikana kama Adam Sapi Mkwawa. Muyinga ikazama na Mkwawa akaelea, kama vile Manga ilivyozama na Kiwanga akaelea. Katika nyumba zote mbili jina la ukoo lilikoma kusogea kwa mtu aliyekutana na Wajerumani, mmoja kwa kuwapinga, mwingine kwa kuwaunga mkono. Daftari halikujali tofauti hiyo.

Waingereza waliongeza sababu nyingine. Tangu mwaka 1926, kwa sheria ya utawala wa wenyeji aliyoisimamia Gavana Donald Cameron, mtawala alitakiwa kuonekana kuwa mrithi halali wa mila. Silsila ikawa na thamani ya ofisi na mshahara. Katika hali hiyo kilitoka London mwaka 1935 kitabu cha A. T. na G. M. Culwick juu ya Wabena wa mito, na ndani yake imo sura iliyoandikwa na mtema mwenyewe, Towegale Kiwanga. Ni hazina kubwa: mtawala wa bonde la Kilombero akieleza habari za watu wake katika kitabu kilichochapishwa wakati wa ukoloni. Lakini msomaji makini hukumbuka kwamba msemaji ni mtema na msikilizaji wake ni afisa wa serikali. Hii si sababu ya kuitupa silsila hiyo. Ni sababu ya kuisoma huku mtu akijua iliandikwa kwa ajili ya nani.

Kwa hiyo atafutaye hawezi kutosheka na kitabu kimoja. Atakwenda kwa wazee wa nyumba ya Manga, naye atauliza pia majina ya akina mama, ambayo orodha za watawala huyaacha, ilhali ni kwa ndoa zao nyumba moja ilifungamana na nyingine. Atafungua vitabu vya ubatizo. Atasoma yaliyokusanywa na wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, walipozunguka kusini kuwauliza wazee habari za Maji Maji. Na atavuka mto. Zamani ilimbidi asubiri kivuko. Tangu mwaka 2018 lipo daraja. Atasikiliza Ifakara na Mahenge jinsi Wambunga na Wapogoro wanavyolitamka jina la Kiwanga, kwa sababu jina la mtu hukaa pia vinywani mwa wale aliopigana nao.

Serikali ya Tanganyika iliufuta uchifu mwaka 1963. Cheo kikaondoka, mshahara ukaondoka, jina likabaki, na likaanza kwenda lisikokwenda mtema yeyote. Kuanzia mwaka 2015 hadi 2020 jimbo la Mlimba, ndani ya bonde hilohilo, liliwakilishwa bungeni na Susan Kiwanga, aliyechaguliwa kwa kura. Msanii Kapwani Kiwanga, aliyezaliwa Kanada mwaka 1978 kwa baba Mtanzania, alionyesha Paris mwaka 2014 kazi aliyoiita Maji Maji, juu ya vita hivyo na kumbukumbu yake; na mwaka 2024 aliiwakilisha Kanada katika maonyesho ya Venice kwa kazi ya shanga za kioo, zile zile zilizokuwa fedha ya biashara baina ya mabara. Kulibeba jina si hati ya kuzaliwa katika nyumba ya mtema, na hakuna haja ya kumchorea mtu yeyote mstari ambao hakuuchora mwenyewe. Inatosha kuona kwamba jina ambalo mwaka 1905 lilikuwa la mtu mmoja aliyekufa vitani, leo linasomwa katika kumbukumbu za Bunge na katika kuta za majumba ya sanaa.

Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Hawakusema lifanyiwe nini jina lenye nuru na kivuli kwa pamoja. Anayelifuatilia jina la Kiwanga mpaka mwanzo wake hatafika kwa Mmanga wa jahazini, wala kwa neno la kamusi. Atafika mbele ya mtu aliyefanya uamuzi, na mbele ya karani aliyeshika kalamu. Akirudi nyumbani na hao wawili, bila kumwongeza wa tatu kwa ajili ya kupendeza, atakuwa amepata nasaba ya kweli, na wanawe wataweza kulitaja jina lao mbele ya jirani yeyote wa ng'ambo ya mto.