Intaneti ya nyumbani isiyotumia waya katika wilaya za Mbulu na Hanang

Intaneti ya nyumbani isiyotumia waya ni huduma inayofika nyumbani kwa mawimbi ya redio kutoka mnara wa simu au setilaiti, bila kuvuta kebo. Katika wilaya za Mbulu na Hanang, Mkoa wa Manyara, kaskazini mwa Tanzania, huduma hii ina umuhimu mkubwa kwa sababu vijiji vingi viko mbali na miji ya Mbulu na Katesh. Watumiaji wanatarajia mambo mawili: kasi kubwa zaidi na bei wanayoimudu.

Namna inavyofanya kazi

Ruta yenye laini ya simu hupokea mawimbi ya 4G au 5G kutoka mnarani na kuyasambaza ndani ya nyumba kwa Wi-Fi. Asiye na ruta huweza kutumia simu yake ya mkononi kwa kazi hiyo hiyo. Mnara nao huunganishwa na mkongo wa mawasiliano, au hupokea mawimbi kutoka mnara mwingine.

Uwezo wa mnara hugawanywa kwa wote wanaoutumia kwa wakati mmoja. Kwa mfano, megabiti 100 kwa sekunde zikitumiwa na nyumba 50 kwa pamoja, kila nyumba hupata wastani wa megabiti 2. Kwa hiyo kasi inaweza kupungua jioni, wakati watu wengi wako mtandaoni, hata kama simu inaonyesha mawimbi yamejaa.

Athari ya mazingira

Sehemu kubwa ya Mbulu ni nyanda za juu, ilhali Yaeda Chini iko bondeni. Hanang ina Mlima Hanang wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400. Milima na makorongo huzuia mawimbi, hivyo vijiji viwili jirani vinaweza kupata huduma tofauti kabisa.

Masafa ya chini, kama megahezi 700, hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi. Masafa ya megahezi 3500, yanayotumika kwa 5G, hubeba data nyingi lakini hufika karibu tu.

Bei

Vifurushi ni vya aina kuu mbili. Kifurushi cha ujazo huhesabiwa kwa gigabaiti na huisha data inapokwisha au muda wake unapopita. Kifurushi cha kasi hulipiwa kwa mwezi. Aina ya pili hufaa nyumba yenye watumiaji wengi, lakini ni mzigo kwa mkulima au mfugaji ambaye kipato chake hutegemea mavuno au mnada wa mifugo. Bei ya ruta ni gharama nyingine ya mwanzo.

Mwezi Aprili 2021 mabadiliko ya bei za vifurushi nchini yalizua malalamiko mengi, na utekelezaji wake ukasitishwa.

Umuhimu

Huduma hii hutumiwa na wanafunzi, wafanyabiashara na wakulima wanaotafuta bei za mazao, kama vile vitunguu saumu vya Mbulu. Haydom, wilayani Mbulu, kuna hospitali ya Kilutheri iliyoanzishwa mwaka 1955 inayohudumia eneo pana la vijijini. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliua watu zaidi ya 80 katika eneo la Katesh. Katika dharura za namna hiyo, mawasiliano husaidia kutafuta ndugu na kuomba msaada.

Juhudi na matarajio

Sheria ya mwaka 2006 iliunda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote (UCSAF), unaotoa ruzuku kwa kampuni za simu ili zifike maeneo yasiyovutia kibiashara. Mwezi Mei 2023 ilisainiwa mikataba ya kujenga minara 758 katika mikoa 26 nchini. Mwezi Oktoba 2022 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilipiga mnada masafa, yakiwemo ya megahezi 700 na 3500.

Setilaiti za mzunguko wa chini hazitegemei mnara wa karibu. Huduma ya Starlink ilianza Kenya mwaka 2023. Tanzania, kampuni ya aina hiyo huhitaji leseni ya TCRA.

Hata hivyo, mnara mpya peke yake hauhakikishi kasi: uwezo wa kiungo chake na idadi ya watumiaji ndivyo huamua. Watumiaji wenye malalamiko huweza kuyapeleka kwanza kwa mtoa huduma, kisha TCRA.