Uwanja Usio na Viti

Mashindano ya ngoma ya Wasukuma hayakuanza na majaji wenye karatasi. Vikundi viwili hupiga kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na watu huhamia kule kunakonoga. Manju, kiongozi wa kikundi, akichemka, mbele yake hubaki vumbi.

Inasimuliwa kuwa ushindani huu uliasisiwa karne ya 19 na mafundi wawili wa ngoma, Ngika na Gumha. Wafuasi wa Ngika wakawa Bagika, wa Gumha wakawa Bagalu, kila upande ukitamba kwa samba, yaani dawa ya kuvuta watu. Samba pekee haikutosha. Wakaleta chatu, wakachonga masanamu ya mbao, wakarusha majembe hewani kwenye ngoma ya bugobogobo, alimradi mtazamaji asigeuze shingo. Kutoka Shinyanga hadi Geita, uwanja ulikuwa popote penye nafasi baada ya mavuno.

Makao ya kudumu yalipatikana Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza. Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, aliiunganisha ngoma na sikukuu ya Ekaristi, na hapo likakua tamasha la Bulabo. Watemi walipokwisha kuondolewa madarakani baada ya uhuru, ngoma zao zilihifadhiwa kwenye makumbusho ya hapohapo, katika jengo lenye umbo la kiti cha enzi.

Ngoma ya mtemi unaweza kuifungia ndani. Uwanja je? Kisesa ndiko Rais Samia Suluhu Hassan alikosimikwa kuwa Chifu Hangaya, Septemba 2021, na shughuli ya ukubwa huo haiendi bila mahema, vipaza sauti na jukwaa la wageni rasmi. Kutoka hapo hadi kumwaga zege la majukwaa pande zote ni hatua fupi. Lakini mtu aliyepewa kiti hahami. Atampigia makofi hata manju anayemchosha. Ukimkalisha, umemfukuza jaji.

Vyoo, maji, kivuli cha wazee pembeni: vijengwe hata kesho, vimechelewa. Katikati pabaki udongo, na pawe papana, watu wapate pa kukimbilia. Vipaza sauti navyo vibaki kwa mshereheshaji. Ngoma ya mti na ngozi hufika mbali kwa mkono wa mpigaji. Ukiiwekea spika, mshindi atakuwa mwenye jenereta kubwa.