Mlango wa Pili wa Ghala

Katika kurasa nyingine za kitabu hiki msomaji atakuta hesabu za pamba na picha za viongozi wetu. Sisi tumepewa nafasi ndogo ya kueleza habari za moto katika majengo ya mazao, nasi twaona kuwa sehemu kubwa ya habari hizo ni historia ya mlango.

Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, walipoanza kujiunga katika miaka ya 1950, walidai kwanza mizani ya haki. Mwaka 1955 vyama vyao vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Baada ya mizani huja ghala, na pamoja na ghala huja hofu ya wizi. Ndiyo sababu ghala tulilolizoea lina madirisha madogo yaliyo juu, mlango mmoja, na kufuli kubwa. Hatuwalaumu waliojenga hivyo. Mali ya watu wengi ikiwekwa mikononi mwa mtu mmoja hapana budi ifungwe. Lakini kufuli haijui aliye ndani.

Tena pamba si kama mahindi. Jiwe dogo au kipande cha chuma kikipita mashineni pamoja na pamba huweza kutoa cheche. Cheche hiyo ikifungwa ndani ya robota, huila pamba polepole kwa siku nyingi bila mtu kuona moshi. Siku robota linapofunguliwa hewa huingia, na moto huzuka ghafula. Mbegu nazo zikirundikwa zingali na unyevu hupata joto zenyewe. Basi moto wa pamba haungoji usiku, wakati ghala halina mtu. Huweza kuwakuta wachukuzi wamo kazini.

Wengine walijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Tarehe 8 Oktoba 1871, huko Chicago, Marekani, moto ulianza katika zizi la jamaa ya O'Leary, ukateketeza sehemu kubwa ya mji. Watu wapatao 300 walikufa, na 100,000 hivi walikosa makao. (Hadithi kwamba ng'ombe aliipiga teke taa haikuthibitishwa kamwe. Baraza la mji lilimwondolea lawama Bibi O'Leary pamoja na ng'ombe wake mwaka 1997, wote wawili wakiwa wamekwisha kufa zamani.) Mji ukajengwa upya kwa matofali na mawe, watu wakadhani wamekwisha kuushinda moto.

Tarehe 30 Desemba 1903, katika mji huo huo, moto ulizuka ndani ya Iroquois Theatre, jumba jipya la michezo lililosifiwa kuwa haliwezi kuungua. Watu 602 walikufa. Milango mingine ilikuwa imefungwa, mingine ilikuwa na makomeo ambayo watu hawakujua kuyafungua. Kuta za jumba zilibaki zimesimama. Chicago ilikuwa imejifunza habari za kuta, haijajifunza habari za milango.

Muuza vifaa vya chuma wa Indianapolis, Carl Prinzler, alikuwa aende kutazama mchezo siku ile, akazuiwa na kazi. Jambo hilo halikumtoka moyoni. Pamoja na Henry DuPont akatengeneza komeo la namna mpya, lililoanza kuuzwa mwaka 1908: pau ya chuma iliyolala upande wa ndani wa mlango. Kwa nje mlango umefungwa. Kwa ndani, mtu akiisukuma pau hata kwa kiuno, mlango wafunguka.

Dawa ilikuwapo, lakini hofu ya wizi haikuondoka. Tarehe 25 Machi 1911, huko New York, wafanyakazi 146 wa kiwanda cha nguo cha Triangle walikufa, wengi wao wasichana. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa ufunguo ili wasitoke na vitambaa. Na tusiseme hayo ni ya kale. Tarehe 3 Septemba 1991, katika kiwanda cha kuku mjini Hamlet, North Carolina, watu 25 walikufa nyuma ya milango iliyofungwa. Mali iliyolindwa ilikuwa nyama ya kuku.

Mtunza ghala atatuuliza: je, mlango wa pili si mlango wa pili wa mwizi? Swali lake ni la haki, na jibu lake ni ile pau. Asiyeweza kuinunua atumie komeo la kawaida la ndani, lisilo na kufuli. Mlango na ufunguke kuelekea nje, kwa kuwa watu wenye hofu husukuma, hawavuti. Nao uwe mbali na ule wa kwanza, ili moto mmoja usiizibe yote miwili.

Lililo gumu zaidi halihitaji fundi. Msimu ukipamba moto, marobota hupangwa hadi mlangoni, na mlango wa pili hugeuka ukuta. Yafaa njia ichorwe sakafuni kwa rangi, na karani anayepokea mzigo awe na amri ya kuukataa, hata lori likingoja nje.

Ramani ya ghala lijalo itakapoletwa mbele ya Mkutano Mkuu, twawaomba wajumbe waihesabu milango kabla ya kuuliza bei ya mabati.