Masharti ya Kazi ya Pamoja: Historia ya Programu Iliyobadilishiwa Leseni

Katika kitabu hiki cha kumbukumbu ya miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, wengine wameeleza habari za mazao, bei na maghala. Sisi wa ofisi ya Katibu tumeona yafaa kueleza historia ya kitu ambacho wanachama hawakioni mara nyingi, ingawa hesabu zao zimo ndani yake, nacho ni programu ya kompyuta tunayoitumia kuandika barua, orodha za malipo na mihtasari ya mikutano. Yaitwa LibreOffice. Hatukuilipia hata senti moja, wala hatukuiiba. Basi ni nani aliyetupa, na je, aweza kutunyang'anya kesho? Maswali haya yamekwisha kuulizwa na watu wa nchi nyingi, na majibu yake yahusu ushirika zaidi kuliko mashine.

Mwaka 1985 kijana mmoja Mjerumani, Marco Börries, alianzisha kampuni ya Star Division katika mji wa Lüneburg. Kampuni hiyo ndiyo iliyotengeneza programu ya ofisi iitwayo StarOffice. Mwaka 1999 Sun Microsystems ya Marekani iliinunua kampuni hiyo kwa dola milioni 73.5. Kisha tarehe 13 Oktoba 2000 Sun iliyatoa hadharani maandishi ya asili ya programu ile, yaani maelezo yote yaliyoandikwa na mafundi, ambayo mtu akiyasoma huweza kuijua kazi ilivyofanywa, akaitengeneza ilipoharibika na kuiongeza ilipopungua. Shughuli hiyo ikaitwa OpenOffice.org, na mafundi kutoka pande nyingi za dunia wakajiunga nayo.

Hapa hatuna budi kueleza neno leseni. Si ile ya biashara itolewayo na halmashauri. Ni masharti ambayo mwenye kazi huyaweka juu ya kazi yake anapompa mwingine. Tuchukue mfano wa mbegu. Mkulima mmoja aweza kusema, "Chukua, panda, gawa, lakini ukiiboresha na kuigawa kwa wengine, uwagawie kwa masharti haya haya." Mwingine aweza kusema, "Chukua, fanya upendavyo, hata ukitaka kuifungia ghalani mwako." OpenOffice.org ilianza kwa leseni mbili kwa pamoja, moja ya namna ya mkulima wa kwanza, iitwayo LGPL, na nyingine iliyolegea zaidi. Mwezi Septemba 2005 Sun iliifuta ile iliyolegea, ikabaki LGPL peke yake, na mwaka 2008 ikahamia toleo lake la tatu.

Ruhusa hiyo ilitufikia hata sisi. Mwaka 2004 watu wa mradi wa Kilinux, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa programu ile kwa lugha ya Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Hawakulazimika kupeleka maombi ng'ambo na kungoja kukubaliwa, kwa kuwa leseni yenyewe ilikwisha kuwakubalia. Hilo ndilo tofauti ya haki na hisani. Hisani hukoma siku mhisani akichoka, bali haki hudumu hata mwenye mali akibadilika.

Na kweli mwenye mali alibadilika. Kila fundi aliyetaka kazi yake iingizwe katika OpenOffice.org alitakiwa kwanza kutia sahihi mkataba. Kwa mkataba huo fundi alibaki na haki ya kazi yake, lakini aliipa Sun haki sawa na yake juu ya kazi ile ile. Kwa hiyo Sun ilikusanya mkononi mwake haki za michango yote, na iliweza kuibadili leseni bila kumwuliza mchangiaji hata mmoja. Maadamu Sun ilitenda wema, wachache walinung'unika. Mwezi Januari 2010 kampuni ya Oracle iliinunua Sun, na haki zote zile zikahamia kwa mnunuzi, kama ghala lihamavyo pamoja na magunia yaliyomo.

Wachangiaji waliingiwa na wasiwasi. Tarehe 28 Septemba 2010 kundi kubwa lao lilitangaza kuanzisha The Document Foundation, wakaichukua nakala ya programu na kuiita LibreOffice. Waliialika Oracle ijiunge nao na iwape jina la zamani, lakini jina hawakupewa. Mwezi uliofuata, wale waliokuwamo katika baraza la OpenOffice.org waliombwa kujiuzulu. Mwezi Februari 2011 waliomba michango ya Euro 50,000 ili kuusimamisha mfuko wao kisheria nchini Ujerumani, nazo zikapatikana kwa siku nane kutoka kwa watu wa kawaida. Haba na haba hujaza kibaba. Mfuko huo ulisajiliwa Berlin mwaka 2012. Uanachama wake hupatikana kwa kuchangia kazi, na wanachama ndio wauchaguao uongozi.

Mwezi Juni 2011 Oracle iliitoa OpenOffice.org kwa Apache Software Foundation, na leseni yake ikageuzwa kuwa ya Apache, yaani ile ya mkulima wa pili, asiyedai chochote kirudishwe. Kwa sahihi ya mwenye haki mmoja, kazi ya miaka kumi ya watu wengi ilipata masharti mapya. Hatusemi kwamba masharti yale ni mabaya, kwani wako watu wema wayapendao. Twasema tu kwamba walioifanya kazi hawakuulizwa, wala hapakuwa na lazima ya kuwauliza, kwa sababu sahihi zao zilikwisha kutiwa zamani.

LibreOffice ilishika njia nyingine. Kila mchangiaji alibaki na haki yake, ila alitakiwa kutamka hadharani, kwa maandishi, kwamba kazi yake yatolewa kwa LGPL na pia kwa Mozilla Public License. Mwaka 2012 waliamua kuijenga upya programu yao juu ya maandishi yaliyotolewa na Apache, na kwa njia hiyo wakaweza kuitoa kwa leseni ya Mozilla, toleo la 2.0. Mabadiliko haya nayo yalikuwa makubwa, lakini yaliwezekana kwa tamko la kila mmoja. Faida yake ilionekana upesi: LibreOffice iliweza kuchota kutoka upande wa Apache, ilhali Apache haikuweza kuchota kutoka kwao bila kuyapokea masharti yao.

Wanachama wataona kwamba habari hii si ngeni kwetu. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika nchini Tanzania vilivunjwa kwa amri ya Serikali, na havikurudi ila kwa sheria ya mwaka 1982. Iko tofauti moja kubwa. Mafundi wale walipohama waliondoka na nakala kamili, na walioachwa nyuma hawakupungukiwa na kitu ila watu. Mashine ya kukobolea kahawa haina nakala. Wanachama wakigawanyika, upande mmoja hubaki mikono mitupu. Kwa hiyo sisi twahitaji masharti yaliyo imara kuliko yao, wala si hafifu.

Mkutano Mkuu ujao utaletewa pendekezo la kuliweka daftari la wanachama katika kompyuta, pamoja na vipimo vya mashamba na mizani ya kila msimu, kwa mkataba na wataalamu wa nje. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari lililo mikononi mwa mwingine laweza kupotea pamoja na habari zake. Twaomba wajumbe waulize mambo matatu kabla ya kuinua mikono. Habari hizi zitakuwa mali ya nani? Masharti yakitaka kubadilishwa, ni nani atakayeulizwa? Na siku tukiachana na mtaalamu, tutaondoka na nini?

Masharti ya Chama chetu hayabadiliki ila kwa Mkutano Mkuu, na kwa kusajiliwa na Mrajis. Mkataba wa daftari nao ufungwe kwa kamba hiyo hiyo. Miaka kumi iliyopita tulitia sahihi zetu tukijua tunachokitia. Na katika miaka kumi ijayo, kila mwanachama asomewe mkataba kwanza, ndipo apewe kalamu.