Sungura na Kitungule

Neno "sungura" limebebeshwa wanyama wawili, na ingawa wasimuliaji wa ngano hawakupata dhiki yoyote kwa hilo, mfasiri wa kitabu cha elimu ya wanyama hukwama papo hapo, kwani viumbe hao, wafananao kwa masikio na mdomo, wametengana katika maumbile hata hawazaani abadani: mmoja ana kromosomu 48, na mwenziwe 44.

Tofauti iliyo dhahiri zaidi i katika uzazi. Yule wa nyika zetu, ambaye ndiye mjanja wa hadithi, hulala juu ya ardhi katika kibonyeo cha majani kilichofinyangwa na kiwiliwili chake, ambacho ukikitia kiganja mara tu baada ya yeye kutimka utakikuta kingali na fukuto; na wanawe, wazaliwao baada ya siku 42 hivi, huja duniani wana manyoya na macho wazi. Ama yule mwingine, ambaye asili yake ni Hispania na Ureno, na ambaye ndiye babu wa sungura wote wa mabandani, ni fundi wa kuchimba. Na jike akaribiapo kuzaa hujinyonyoa manyoya ya tumbo kwa meno yake, akayatandika chini kabisa ya shimo, kisha, mimba ikitimu siku 30 hivi, akazaa watoto vipofu walio uchi, ambao huwanyonyesha kwa dakika chache tu kila siku, akaenda zake.

Wako wapendao kuwapambanua kwa kusema "sungura mwitu" na "sungura wa kufugwa". Mimi siafiki, maana huyo wa mashimo naye yuko mwituni huko kwao tangu azali. Afadhali tulifufue "kitungule", neno la wazee wa pwani ambalo kamusi huliweka ubavuni mwa "sungura" kama jina la pili lisilo na kazi, tumpe kila azaaye watoto wasiojiweza na kuwaficha tunduni, na "sungura" abaki yule wa mbio.

Wala tusidhani kuwa neno hilo litawahusu wageni peke yao. Uganda, Sudan Kusini na kaskazini mashariki ya Kongo yupo mnyama mwenye manyoya magumu na masikio mafupi, aitwaye kwa jina la Bunyoro, ambaye huwalea wanawe katika shimo fupi, akaliziba mdomo kwa majani na udongo kila atokapo. Huyo ni kitungule.